Mwalimu aliitisha blanketi, sindano na mshumaa: vile nilienda kumshika shuleni nikashikwa mimi

Wakuu, salamu kutoka Eldoret.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi za watu halafu naenda zangu, lakini hii wacha niandike. Nitasema ukweli mtupu, hata pale naonekana mjinga. Majina nimebadilisha na shule siitaji, kwa hivyo msije inbox kuuliza.

Kwanza mnijue kidogo, ndio mnielewe.

Nafanya kwa store ya mahindi hapa mjini. Kazi yangu ni kupokea. Lori likiingia, mimi ndio natoboa gunia, natoa punje za katikati, naangalia kama kuna yenye imeoza imefichwa chini ya yale mazuri. Mtu atakuapia kwa jina la Mungu kwamba gunia ni safi kutoka juu mpaka chini, unatoboa, unapata mchanga.

Ukifanya hiyo kazi kwa muda, huwezi tena kuamini kitu imefungwa. Bibi yangu, mama watoto, husema hata nikipewa chai naangalia kwanza chini ya kikombe. Na ni kweli naangalia.

Tunakaa Kimumu. Bibi ni mtu wa Ziwa, kale kasoko kako nje ya Eldoret, si ziwa la maji, na mimi nilikuja huku kutoka Nyando kutafuta kazi nikaoa nikabaki. Msichana wetu wa kwanza nitamwita Valary. Yuko Grade 7.

Huyu mtoto alikuwa na shida moja tu: hasalimii watu.

Sasa kwa wakwe zangu kule Ziwa, mtoto kupita mtu mzima bila salamu ni kosa kubwa kuliko kuvunja sahani. Mama mkwe wangu, mwenye watoto wanamwita Gogo, alikuwa amelalamika mpaka akachoka. "Anapita mimi kwa barabara kama hanijui," alikuwa anasema. Tukimuuliza Valary anajibu, "Sikumuona."

Hukumuona na mtu amesimama hapo na leso nyekundu? Sisi tukasema ni madharau ya umri. Wenye mko na wasichana wa hiyo miaka mnajua vile huanza.

Basi tuendelee.

Jioni moja tukiwa tunakula, Valary akasema teacher mpya wa science anataka kila mtoto aje na kitu. Yeye amepangiwa blanketi. Wengine wamepangiwa sindano, wengine kipande cha kioo, wengine mshumaa.

Niliweka ugali chini.

"Blanketi ya nini?"

"Ya kuziba madirisha."

"Yanazibwa kwa nini?"

"Ndio class ikuwe na giza."

"Giza ya kufanya nini?"

"Ya kusoma light, baba."

Giza ya kusoma light. Wakuu, hapo nyinyi mngefanya nini?

Nikaingia kwa group ya wazazi ya WhatsApp. Kawaida hiyo group ni kelele ya maboksi na manila paper, kila mzazi analia vile watoto wa siku hizi wanaitishwa vitu. Siku hiyo ilikuwa kimya. Halafu jirani yetu Mama Brayo akaandika: "Wazazi, sindano, kioo na mshumaa ndani ya giza. Mimi sisemi kitu."

Mtu akikwambia hasemi kitu, ameshasema yote. Baada ya hapo mwingine akatuma voice note ndefu ya mhubiri, sikumaliza kuisikiza, lakini shaka ilikuwa imeshaingia.

Huyo teacher nilikuwa nimeshamuulizia. Hapa nitamwita Teacher Wekesa. Kijana mdogo, intern, alikuja hii term. Anakaa Kapsoya, ana baiskeli, hanywi, havuti, hana bibi, haongei na mtu vibaya. Yaani kila mwenye nilimuuliza alimsifu. Hiyo peke yake ilinisumbua. Gunia likiwa safi sana hapo juu, mimi ndio hutoboa mpaka chini.

Blanketi nilitoa, kwa sababu bibi alisema mtoto asiaibike mbele ya wenzake. Nikatoa ile nzee yenye picha ya chui.

Jumapili tukaenda kanisa. Pastor amesimama anahubiri, nageuka namuona Valary ametoa kikaratasi kigumu, kimekatwa kutoka kwa boksi ya sabuni, kina katundu kadogo hapo katikati. Amefunga jicho moja. Anamwangalia pastor kupitia kwa hiyo tundu.

Halafu anatabasamu.

Mahubiri ya siku hiyo ukiniuliza yalikuwa ya nini, sijui.

Tukirudi nyumbani nikaanza kumchunga. Anaangalia TV nayo. Anaangalia kuku wa jirani nayo. Nikiingia mlangoni naye yuko ule upande mwingine wa sebule, ananiinulia mimi hiyo karatasi, ananiangalia kutoka kichwa mpaka viatu.

"Unaniangalia nini?"

"Hakuna, baba."

"Nani alikupea hiyo kitu?"

"Tulitengeneza na Teacher. Kila mtu alitengeneza yake."

"Na alisema mfanye nini nayo?"

Akafikiria kidogo. "Alisema tusiwahi angalia jua nayo."

Aha. Wakuu, hebu muwe mimi kidogo. Kitu inatengenezwa kwa giza na inakatazwa jua. Najua sasa hivi kuna mtu anacheka hapo, lakini siku hiyo hakuna mtu angenicheka nikamsikia.

Wiki iliyofuata tukaenda Ziwa, ilikuwa siku ya soko. Gogo na Valary walitangulia mbele, mimi na bibi tukawa nyuma na mzigo. Kwa mbali kukatokea mzee anavuta ng'ombe. Valary akasimama katikati ya njia. Akatoa kikaratasi kwa mfuko, akafunga jicho, akamwangalia huyo mzee. Akairudisha. Halafu akakimbia mpaka kwake akamsalimia vizuri, "Chamgei, Mzee Barno," na kichwa ameinamisha.

Mzee alifurahi sana. Gogo hakufurahi hata kidogo.

Alimwambia bibi yangu maneno kwa Kikalenjin, halafu akanigeukia mimi kwa Kiswahili ndio nisikie vizuri. "Huyu mtoto anapima watu. Kwanza anaangalia na hiyo kitu, ndio anaamua kama atasalimia. Ile shule mtoeni. Mleteni hapa kwangu, kuna shule hapo karibu."

Mimi na mama mkwe huwa hatukubaliani hata kuhusu chumvi. Siku hiyo tulikubaliana mara moja. Tukasema Jumatatu ya wiki inayofuata Valary anahamia Ziwa.

Tulipomwambia, alilia. Na vile alilia ndio ilinimaliza, kwa sababu hakulilia marafiki wala nyumbani. Alisema, "Msinitoe kwa Teacher Wekesa."

Niseme wazi kabisa: niliogopa. Msichana wangu, mwalimu kijana, class ya giza, na sasa machozi ya kutotaka kutoka. Mzazi wa msichana anajua naongea nini. Sikuwa nafikiria mambo ya mashetani tena, nilikuwa nafikiria mambo ya binadamu, na hayo ndio mabaya zaidi.

Nikamnyang'anya kikaratasi. Nikaenda nacho nje nikakijaribu. Nikafunga jicho, nikaangalia lango, nikaangalia mti, nikaangalia nyumba ya Mama Brayo. Hakuna kitu. Dunia ni ileile, ila ina giza kidogo.

Mtu mwenye akili zake angesema basi ni karatasi tu. Mimi nikasema, kumbe inafanyia kazi wale wamefunzwa peke yao.

Nikaitupa kwa jiko. Valary alisimama hapo akaiangalia ikiisha. Kutoka hapo akawa haongei na mimi isipokuwa nimemuuliza kitu.

Nikaamua kumjaribu. Nilitoka kazini mapema na reflector yangu ya machungwa, ile vesti ya kung'aa yenye hata watu wa boda huvaa, nikaenda stage ya boda boda, mahali yeye hupita akitoka shule. Nikasimama kati ya watu wa boda. Nikajiambia sitamuita, nione kama atanisalimia mimi babake.

Akatokea na begi yake. Akapita upande ule mwingine wa barabara. Uso uligeuka kabisa kwangu, nikaona macho yake yakipita juu yangu. Akaenda zake.

Jamaa mmoja wa boda akaniuliza, "Buda, si huyo ni msichana yako?" Nikamwambia hapana. Sijui hata kwa nini nilisema hivyo.

Usiku sikupata usingizi mzuri. Asubuhi nikaomba ruhusa kazini na nikaenda shuleni, bado na reflector, bila kumwambia mtu, kwa sababu ukitangaza unakuja, watu wanapanga gunia.

Watchman ananijua, akanifungulia. Ofisini sikupita. Nikaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa ile block, class yenye iliangalia uwanja wa bendera. Madirisha yote yamezibwa. Chui wangu nilimuona pale, amening'inia. Dirisha moja lilikuwa limezibwa na boksi, na hiyo boksi ina tundu, saizi ya shilingi kumi hivi.

Jua lilikuwa kali. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nikainama kidogo, nikaanza kunyatia kwenda kwa hilo dirisha.

Ndani watoto wakacheka.

Nikasimama. Wakanyamaza. Nikapiga hatua mbili, wakacheka tena. Nikasema hao wanacheka mambo yao. Nikainua mguu polepole, nikasikia sauti ya mtoto, "Anakuja, anakuja." Halafu sauti yenye naijua ikasema, "Huyo ni baba yangu. Si mnaona vile anatembea ameinamia upande mmoja."

Kweli natembea hivyo, bega moja liliharibika na magunia. Lakini alinionaje? Madirisha yote yamezibwa, na huyu ni mtoto mwenye jana alinipita kwa barabara nimesimama wazi.

Nikaenda haraka nikaweka jicho kwa tundu. Nikaona giza tupu, na watoto wote kwa pamoja wakalalamika, "Aaah."

Sauti ya mwanaume ikasema kwa heshima kabisa, "Mzee wa reflector, naomba usogee kidogo, umetuzibia."

Wakuu, nimeshikwa na mambo mengi katika hii maisha, lakini sijawahi kushikwa hivyo.

Teacher Wekesa akafungua mlango akaniingiza. Nilikuwa nimepanga maneno makali, yote yakapotea. Kwa ukuta wa nyuma wamebandika shuka nyeupe, na kwa hiyo shuka kuna uwanja wote wa shule, kichwa chini. Mlingoti wa bendera uko chini juu. Watchman anatembea, miguu iko juu. Rangi zote ziko. Kumbe na mimi nilikuwa hapo sasa hivi, nanyatia kichwa chini na reflector ya machungwa, Grade 7 yote inaniangalia.

Mnadhani niliamini? Nikatafuta waya. Niliangalia nyuma ya mlango, juu ya dari, chini ya meza ya mwalimu yenye vioo na mishumaa ya kusomea mwanga. Hakuna mashine. Hata stima haiko kwa hiyo class. Teacher akaniacha tu nitafute.

Halafu akaniambia, "Ziba hiyo tundu na mkono." Nikaziba, picha ikapotea. Nikatoa, ikarudi. Niliziba na kufungua mpaka watoto wakaanza kunung'unika.

"Mwanga unaenda moja kwa moja tu," akasema. "Ule wa kichwa cha mtu unashuka, unapita kwa tundu, unagonga shuka kwa chini. Ule wa miguu unapanda, unagonga kwa juu. Ndio maana uko kichwa chini."

Sawa. Nikamwambia, na ile karatasi ya mtoto wangu je?

Uso wake ukabadilika, akawa serious. "Baba Valary, nimekuwa nikikungojea. Nilimwambia aje na mzazi."

Akafungua blanketi mbili, mwanga ukaingia. Akaandika herufi kwa ubao. Akamwita Valary asimame nyuma kabisa ya class asome. Valary akakunja macho. Akasema anaona tu kuna kitu nyeupe imeandikwa. Teacher akampea kikaratasi chenye tundu. Akasoma herufi zote, moja moja, bila shida.

Nikasema hapana. Amekariri. Nikasema hata hiyo karatasi siijui imewekwa nini.

Teacher hakukasirika. Akanipatia kipande cha boksi na sindano. "Tengeneza yako. Andika mwenyewe chenye unataka."

Nikatoboa mwenyewe. Nikafuta ubao, nikaandika herufi za ovyo zenye hakuna mtu angekariri, mwandiko wangu mbaya hivyo ulivyo. Valary bila karatasi, hakuna kitu. Na karatasi yangu, akasoma zote. Nikafuta nikaandika zingine. Akasoma. Nikamwambia mtoto mwingine asome bila karatasi, kutoka hapo hapo nyuma, naye akasoma zote kama mchezo.

"Huyu mtoto haoni mbali," Teacher akaniambia. "Jicho lake linatawanya mwanga. Tundu ndogo inapitisha kidogo tu, kutoka upande mmoja, kwa hivyo haitawanyiki. Ni kama wewe na store yako. Ukifungua mlango wote, magunia yanaingia ovyo. Ukifungua kidogo, linaingia moja moja na unaliona vizuri. Lakini karatasi si dawa, mpeleke akapimwe macho."

Nikamuuliza Valary, mbele ya wote, "Na jana hapo stage? Ulinipita."

Akanishangaa. "Ulikuwa stage? Kwani ulikuwa umesimama?" Halafu akasema, "Si ungetembea, ningekujua."

Ndio akaeleza, pole pole, vile amekuwa akiishi. Mama anamjua kwa sauti. Gogo anamjua kwa kikohozi, maana leso nyekundu ni nyingi na ashawahi kosea. Mimi ananijua kwa kutembea. Mtu akisimama kimya mbali kidogo, huyo hayuko.

"Mimi nilidhani watu wote wanaona hivyo," akasema.

Nikamuuliza mbona hakutuambia siku alijua. Akaangalia chini. "Nilitaka kwanza nisalimie watu wote wenye mlisema nawadharau. Nilikuwa nimebakisha wachache, ukachoma."

Wakuu, nililia. Mbele ya Grade 7, na reflector. Sina la kuongeza hapo.

Hakuhamia Ziwa. Tulienda hospitali ya macho hapa mjini, akapimwa, akapata miwani. Siku ya kwanza alisimama nje ya lango akiangalia mti wa jirani muda mrefu, akasema hakujua majani ya juu huonekana moja moja kutoka chini.

Gogo tulimueleza, akamshika mtoto mkono. Siku hizi analalamika kwamba Valary anaona uchafu kwa sufuria zake.

Kwa group ya wazazi nikaandika hadithi yote. Mama Brayo akajibu, "Mimi sikusema kitu."

Na Teacher Wekesa? Bado namchunguza kidogo, siwezi kuwacha. Juzi nilisikia anaweka chumvi kwa chai badala ya sukari. Hapo nikapumua, angalau ana kosa moja.

Mafunzo yenye nimepata ni haya. Kushuku sijaacha, na sitaacha, ni kazi yangu na hata huyo mwalimu aliniambia maswali yangu yalikuwa mazuri. Lakini mimi mahindi huwa natoboa ndio niseme imeoza. Mtoto wangu nilisema ameoza bila kutoboa. Mtoto akikwambia "sikumuona", kabla umuite wa madharau, hakikisha kwanza kama anaona.

Mwisho ni hii. Wiki jana nilirudi pale stage. Nilivaa kofia, nikasimama kati ya watu wa boda, wote reflector, na mimi reflector. Nikajificha nusu nyuma ya pikipiki. Sikusonga hata kidole.

Valary akatokea kule mbali, bado hajafika hata kwa kibanda cha mboga. Akasimama. Akasukuma miwani juu ya pua.

"Baba," akaita, stage yote ikasikia, "unajificha nini hapo?"

Yule jamaa wa boda akanigeukia. "Buda, si ulisema si wako?"

Nikamwambia ni wangu.

Haya wakuu, mimi nimemaliza. Kama uko na mtoto asiyesalimia watu, toboa karatasi umpe asome kitu iko mbali, halafu njoo hapa chini utuambie umepata nini. Na wenye wanataka kunicheka kwa ile kunyatia, chekeni, lakini semeni kwanza nyinyi mngefanya nini na hiyo blanketi.